Bundi, Kipanga na Ramani ya Pemba: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba ipo haja ya kuchora ramani ya makaazi ya ndege mbuai wa misituni kwa kisiwa kizima cha Pemba, badala ya kuishia ndani ya mipaka ya hifadhi ya msitu wa Ngezi. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi. Baadhi zinauliza kazi yenyewe inavyofanyika, na nyingine zimejaa wasiwasi kuhusu ardhi, wasiwasi ambao tunauheshimu kwa sababu una historia yake. Tumechagua zile zinazowakilisha wenzake na tumeyafupisha maswali bila ya kuigusa maana. Tunaposema ndege mbuai tunakusudia ndege wanaoishi kwa kuwinda, nao ni tai, vipanga, kozi na wenzao, pamoja na bundi.

Swali: Assalaam aleikum Maalim. Mimi ni mkaazi wa Konde, na Ngezi naipita kila wiki. Sote tunajua kuwa msitu wa Pemba ni Ngezi, na kwamba anayetaka kumsikia bundi wa Pemba aende huko. Ramani ya kisiwa kizima itatuambia nini tusichokijua? (Msomaji, Konde)

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Ngezi inastahiki heshima unayoipa, na hakuna anayetaka kuipunguza. Lakini tutazame ukubwa. Eneo la msitu wa Ngezi, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, ni takriban hekta 1,440, ilhali kisiwa kizima kinakaribia kilomita za mraba 1,000. Kwa hiyo, tukiihifadhi Ngezi yote bila ya kukatwa hata fito moja, bado tutakuwa hatujasema lolote kuhusu zaidi ya sehemu 98 katika kila 100 za ardhi ya Pemba.

Na ndege hawa hawafuati mpaka wa hifadhi. Bundi mdogo wa Pemba, ambaye wataalamu humwita Otus pembaensis, hapatikani pahala pengine popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu, na huishi katika msitu wa asili na pia katika mashamba ya mikarafuu mikongwe yaliyofunga, yale ambayo chini yake pameota vichaka na juu yake matawi yamekutana. Kipanga wa msituni tuliye naye ni wa aina iliyoenea Afrika, lakini tawi lake la Pemba lilitambuliwa mwaka 1904 na likapewa jina la kisiwa. Naye pia huwinda ndani ya msitu, kando ya msitu na katika mashamba yenye miti mingi.

Sababu yake iko katika historia ya kilimo chetu. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na vilima vya magharibi vikavikwa mikarafuu. Msitu wa asili uliondoka katika sehemu kubwa ya vilima hivyo, lakini ardhi haikubaki uchi. Palibaki mivule hapa na pale, wakulima wakaotesha miembe na mifenesi, na mikarafuu yenyewe ikazeeka, ikatoboka mashina na kutambaliwa na mimea. Bundi wa jamii hii hutegemea matundu ya miti kwa kutagia na hula zaidi wadudu. Shamba la namna hiyo, hata kama mwenyewe analiona limechakaa, kwa bundi ni makaazi yaliyokamilika.

Hilo ndilo linalonifanya niitetee ramani ya kisiwa kizima. Ndege aliyemo ndani ya Ngezi ana mlinzi, ana sheria na ana kibao njiani. Aliye katika mkarafuu wa watu nje ya hifadhi hana anayemhesabu, na mti wake ukikatwa hakuna anayeulizwa. Ramani humtoa katika giza hilo. Aidha, huonyesha jambo ambalo mtu aliyesimama chini hawezi kuliona, nalo ni namna viraka vya misitu vinavyounganika. Ngezi, Msitu Mkuu na Ras Kiuyu vimetengana, na swali kubwa la uhai wa ndege hawa ni iwapo baina ya viraka hivyo ipo miti ya kutosha kwa kinda aliyeacha kiota kuvuka na kupata pahala pake, au pamebaki mihogo na majumba tu.

Tunao mfano wetu wenyewe, na sijui kwa nini hatuutaji zaidi. Popo wa Pemba, yule mkubwa mla matunda, alikadiriwa kuwa amebaki mchache mno mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha akarejea kufikia maelfu. Sehemu kubwa ya kurejea huko ilitokana na vijiji kukubali kuvilinda vikundi vya miti ambamo popo hao hulala, Kidike kikiwa kimojawapo. Vikundi hivyo vilijulikana viko wapi, ndipo vikaweza kulindwa. Popo wananing'inia mchana kweupe kwa mamia na kila mtu anawaona. Bundi mmoja aliyejificha ndani ya tundu hujulikana kwa njia nyingine.

Swali: Maalim, shikamoo. Ninasoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na ningependa utafiti wangu wa mwisho uwe juu ya ramani ya bundi wa Pemba. Ninayo kompyuta, na nimeambiwa kuwa picha za satelaiti ni za bure. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Tunguu)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Picha za bure zipo. Hazina ya picha za satelaiti za Landsat imefunguliwa kwa watu wote tangu mwaka 2008, na kila nukta ya picha zake huwakilisha mraba wa mita 30 ardhini. Satelaiti za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hutoa nukta ya mita 10 na hupita juu ya pahala pale pale kila baada ya siku tano hivi. Pemba ni kisiwa cha mawingu, kwa hiyo usitegemee picha moja. Kusanya za mwaka mzima au zaidi, na kwa kila nukta uchague zile siku ambazo anga lilikuwa wazi.

Mtihani wenyewe unakuja baada ya hapo. Ukitazama kutoka angani, mikarafuu mikongwe iliyofunga na msitu wa asili vyote ni kijani kibichi mwaka mzima, na kompyuta huvichanganya kwa urahisi. Kinachosaidia kuvitenganisha ni kimo cha miti na mpangilio wa vilele, kwa sababu mikarafuu ilipandwa kwa mistari na haifikii kimo cha mvule. Chombo cha leza kiitwacho GEDI, kilichopelekwa kwenye kituo cha anga za juu mwezi Disemba 2018, hupima kimo cha miti katika miduara yenye upana wa mita 25, ingawa miduara yenyewe imeachana. Tunayo pia hazina ambayo visiwa vingi havina. Tangu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, ikiwa pamoja na chuo chako na kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliipiga picha Zanzibar kwa droni, na picha hizo huonyesha kilele cha mti mmoja mmoja. Kwa picha zinazopandana unaweza kukokotoa kimo cha vilele, lakini kumbuka kwamba kamera haioni ardhi chini ya miti iliyofunga, kwa hiyo kimo cha ardhi yenyewe utakihitaji kutoka pengine.

Hata hivyo, nakusihi usianze na picha. Anza na usikivu, maana bundi huyu hutafutwa kwa sauti, na kumbukumbu zilizopo zimeelemea Ngezi, ambako wageni na watafiti hupelekwa. Ukizichukua kumbukumbu hizo kama zilivyo ukazitia katika programu, ramani itakujibu kwamba bundi wanapenda Ngezi, na kumbe watu ndio waliopenda Ngezi. Mvuvi anayetega dema lake mwamba mmoja miaka yote hawezi kusema samaki wa bahari nzima wako pale.

Kwa hiyo igawe Pemba kwa aina za ardhi: msitu wa asili, mikarafuu mikongwe, mikarafuu michanga, minazi, kingo za mabonde ya mpunga, mikoko, na ardhi ya mawe ya upande wa mashariki. Ndani ya kila aina chagua vituo kwa bahati nasibu, na baadhi viwe mbali na barabara ya lami. Usiache vituo vya pahala unapoamini kuwa hapana bundi, kwa sababu imani hiyo ndiyo unayotaka kuipima. Kisha urudi katika kila kituo usiku zaidi ya mmoja na uandike pia usiku ambao hukusikia kitu. Kutomsikia hakuthibitishi kwamba hayupo. Upepo wa kusi, mvua, vyura na kelele za jenereta huizima sauti yake. Tangu mwaka 2002 kuna njia ya kihesabu iliyochapishwa na kutumika kote duniani, ambayo kwa kutumia ziara hizo za kurudiarudia hukadiria uwezekano wa ndege kuwepo pasi na kusikika. Bila ya ziara za kurudia, hesabu hiyo haifanyiki, na hakuna ujanja wa kompyuta utakaoifidia.

Vinasa sauti vidogo vinavyofungwa mtini vimerahisisha sana kazi hii. Katika kisiwa cha Príncipe, upande wa pili wa Afrika, bundi mdogo wa jamii hii hii alitangazwa rasmi mwaka 2022 baada ya wataalamu kukichunguza kisiwa kizima na kugundua kwamba anaishi katika eneo la takriban kilomita za mraba 15 tu la msitu mkongwe wa kusini, na kwamba idadi yake ni baina ya 1,000 na 1,500. Angalia walivyoweza kusema alipo na pia asipokuwepo. Ndiyo aina ya jibu tunalolihitaji hapa, na huenda jibu letu likawa jema zaidi kuliko lao, kwa kuwa bundi wetu anaivumilia mikarafuu.

Kipanga mfanyie ramani yake. Yeye hutafutwa alfajiri, wakati anaporuka juu ya vilele akitoa mlio mmoja mmoja kwa vipindi, na mahitaji yake ya kiota na mawindo ni tofauti. Ramani moja ya "ndege mbuai" kwa jumla haitamfaa yeyote kati yao.

Zikishapatikana kumbukumbu, programu kama Maxent, inayotumika tangu mwaka 2006, hulinganisha hali ya pahala ndege aliposikika na hali ya kisiwa kwa jumla, na humpa kila nukta alama kutoka 0 hadi 1. Alama hiyo huonyesha jinsi pahala panavyofanana na pale alipopatikana, wala haihesabu ndege. Ijaribu ramani yako kwa kuficha kumbukumbu za upande mmoja wa kisiwa, tuseme kusini yote, na kuona kama ramani iliyojengwa kwa kaskazini inaweza kuzitabiri. Ukificha nukta moja moja zilizotawanyika utajisifu bure, kwa sababu jirani ya kila nukta iliyofichwa ameshaitoa siri yake. Mwisho kabisa utalazimika kuamua ni alama gani ianze kuitwa makaazi. Uamuzi huo kompyuta haiwezi kukufanyia. Kwa ndege asiye na kwao kwengine duniani, mimi ningependelea kuihesabu ardhi ya ziada isiyo na bundi kuliko kuiacha nje ardhi aliyomo.

Swali: Mimi ni sheha wa shehia moja ya Wilaya ya Micheweni. Watu wangu wakimwona mgeni mwenye ramani wanajua kuwa ardhi inaondoka. Ikija ramani imetiwa rangi nyekundu juu ya mashamba yetu, niwaambie nini? (Sheha, Micheweni)

Jibu: Mheshimiwa Sheha, waambie kwanza kwamba ramani ya makaazi ya ndege haina nguvu ya kisheria. Rangi iliyotiwa na mtafiti haibadilishi haki ya mtu katika shamba lake wala haiundi hifadhi. Ardhi ya Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, na misitu inaongozwa na Sheria Namba 10 ya mwaka 1996, ambayo imeweka utaratibu wa kutangaza hifadhi na imetambua pia misitu inayosimamiwa na jamii kwa makubaliano. Anayetaka kuzuia matumizi ya ardhi hana budi kuipita njia hiyo mbele ya watu.

Jambo la pili linahusu kipimo, na nakuomba uliangalie kwa makini kwa kuwa ndiko dhulma inakoweza kupenyea hata pasipokuwa na nia mbaya. Shamba la eka tatu, kama yale yaliyogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ni kama hekta 1.2. Katika picha ya nukta za mita 30, shamba hilo zima huingia katika nukta 13 hivi, na kadhaa kati yake ziko mpakani na zimechanganya miti ya jirani. Ramani ya namna hiyo inafaa kuamua mambo ya wilaya na shehia, kama vile upande gani barabara mpya ipite au wapi uanze upandaji wa miti. Haifai kuamua kama bwana fulani akate mti wake au asikate. Mtu akikujia na ramani ya kisiwa akaitumia kumhukumu mwenye shamba moja, una haki ya kumkatalia, na utakuwa umesimama juu ya hoja ya kitaalamu.

Tatu, hata pale ambapo ramani imetumika kwa nguvu katika uendeshaji wa misitu, haikuwa na maana ya kuifunga ardhi yote. Mwaka 1992, kwa misitu ya Arizona na New Mexico nchini Marekani, palitolewa mwongozo kwa ajili ya kipanga mkubwa wa misitu ya kaskazini. Mwongozo ule uliigawa ardhi ya kila jozi katika ngazi tatu: sehemu za kiota, kila moja ya hekta 12 hivi, ambazo huachwa bila ya bughudha, eneo la kulelea makinda, hekta 170, na eneo la kuwindia, takriban hekta 2,200. Katika ngazi hiyo ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, shughuli za msitu ziliendelea, ila kwa masharti ya kubakisha miti mikubwa, magogo na mchanganyiko wa umri wa miti. Kipanga wetu ni mdogo zaidi, na vipimo vile si vyake. Hata hivyo utaona kwamba jozi moja ya ndege wale ilipewa ardhi kubwa kuliko Ngezi yote, na watu wakaendelea kuitumia. Funzo ninalolichukua ni ule mpango wa ngazi: sehemu ndogo sana ya kuachwa, na sehemu kubwa ya kutumiwa kwa adabu.

Kwa hiyo, kabla ya ramani kukamilika, omba iletwe shehiani ikiwa bado rasimu, kwa Kiswahili, na ikiwa na majina ya mahala mnayoyatumia wenyewe. Wazee wa Micheweni wanajua mivule ilikokatwa na vichaka vilikorudi, na satelaiti haiyajui hayo. Omba pia ramani ya pili inayoonyesha pahala ambapo watafiti wana uhakika na pahala wanapokisia. Ramani hiyo ya pili hufichwa mara nyingi, nami naiona kuwa ndiyo ya heshima zaidi, kwa sababu humwambia mwananchi kiasi gani cha kuamini.

Swali: Shamba langu la Mtambile lina mikarafuu ya marehemu babu. Mingine imekufa na imesimama mikavu. Ninataka kung'oa yote nipande miche mipya. Je, nitakuwa nimewadhulumu hao bundi? (Mkulima wa karafuu)

Jibu: Karafuu ndiyo riziki yako, na sitathubutu kukwambia uiache mikarafuu isiyozaa ili mtu mwengine afurahie ndege. Kupanda upya ni jambo jema, na kwa kweli ni jema hata kwa bundi wa miaka ijayo, kwa sababu shamba la mikarafuu likifa kabisa aghalabu hugeuka kuwa mihogo au viwanja vya nyumba, na hapo ndege hana chake tena.

Linalowaumiza ni kuondoa yote kwa mara moja. Mche wa leo utahitaji miongo kadhaa kabla shina lake halijapata tundu la kuingia ndege, na katika muda huo wote hapana pahala pa kutagia. Ukiweza, lipande shamba kwa mafungu, ukianza na upande mmoja na kuuachia upande wa pili mpaka miche ya kwanza imeshika. Bakisha mivule, miembe mikongwe na miti yoyote yenye matundu iliyo mpakani au kwenye mteremko wa kuelekea bondeni, ambako kwa vyovyote vile hupandi karafuu. Mkarafuu mkavu uliosimama mbali na njia uache usimame. Ulio karibu na njia au pahala wanapopanda wachumaji uangushe, kwani roho ya mchumaji ina thamani kubwa zaidi. Na usisafishe shamba kwa moto, kwa sababu moto huua wadudu wote ambao bundi anawategemea na huikausha hata miche yako.

Hapa ndipo ramani inapomsaidia mkulima na si kumbana. Ikijulikana kwamba mashamba manne yaliyopakana ndiyo pekee yanayounganisha viraka viwili vya miti, basi ratiba ya kugawa miche inaweza kupangwa ili majirani hao wasipande upya mwaka mmoja. Mimi ningeenda mbali zaidi na kusema kwamba mkulima anayekubali kubakisha miti mikongwe apewe kipaumbele katika miche na katika huduma za mabwana shamba. Si haki mzigo wa ndege ambaye ni fahari ya nchi nzima ubebwe na mwenye eka tatu peke yake.

Swali: Bundi akilia juu ya paa wakubwa wetu walisema ni uchuro, na watoto humpiga mawe. Sasa tunaambiwa tumhifadhi. Tufuate lipi? (Mama wa watoto wanne, Wete)

Jibu: Dada yangu, sisi ni Waislamu, na Mtume (S.A.W.) aliikanusha imani ya mkosi wa ndege katika hadithi iliyo mashuhuri, na wanazuoni wameeleza kuwa khofu waliyokuwa nayo Waarabu wa kale juu ya bundi imo katika kukanushwa huko. Kwa hiyo dini imeshatuamulia. Wakataze watoto kumpiga mawe kama unavyowakataza kumdhulumu kiumbe mwengine yeyote, na waambie kuwa analia kumwita mwenzake na kutangaza eneo lake. Ningefurahi lau skuli za Wete zingewatoa wanafunzi jioni moja kwenda kusikiliza na kuhesabu, na hesabu zao zikatiwa katika ramani.

Swali: Nilisoma kwamba Marekani walitumia fedha nyingi kuchora ramani ya bundi wao wa misitu mikongwe, na bado bundi yule amepungua. Kama wao wameshindwa, sisi tutaweza nini? (Msomaji, Kitogani, Unguja)

Jibu: Swali hili nalipenda kwa sababu linagusa udhaifu wa kweli. Unayemkusudia ni bundi mwenye madoa wa kaskazini-magharibi, aliyewekwa katika orodha ya walio hatarini mwaka 1990. Mwaka 1994 ulianza mpango mkubwa wa misitu ya serikali katika majimbo ya Washington, Oregon na California, zaidi ya hekta milioni 9, na ramani za makaazi ya bundi huyo zilikuwa miongoni mwa misingi yake. Ukataji wa misitu mikongwe ulipungua sana katika ardhi hiyo. Kilichomfuata bundi baada ya hapo ni bundi mwengine, mkubwa na mkali zaidi, aliyeenea kutoka mashariki ya bara hilo na kumtoa katika makaazi yaliyokuwa yamelindwa. Mpango uliokoa msitu. Ndege alipungua kwa sababu nyengine ambayo ramani ya miti haikuweza kuionyesha.

Kwetu sisi mgeni wa kuogopwa ni kunguru, aliyeletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 na ambaye huvamia viota na kuwasumbua ndege mbuai mpaka wahame. Anafuata watu na taka zao. Pahala panapoonekana pazuri kwa miti lakini pako karibu na jaa, huenda kipanga asiweze kulea kinda hapo. Kwa sababu hiyo ramani ya Pemba ichorwe pamoja na tabaka la majaa, vijiji na masoko, na ichorwe upya kila baada ya miaka michache, kwani ardhi yetu inabadilika haraka kuliko ya misitu ya Oregon.

Na kuna waliyojifunza wao yanayotufaa. Huko California, vipimo vya leza kutoka kwenye eropleni vilionyesha kwamba bundi wa madoa wa jimbo hilo hufuata zaidi miti mirefu, ya zaidi ya mita 48, kuliko dari la msitu lililofunga kwa jumla. Kabla ya hapo mipango mingi ilipima kufunga kwa dari tu. Pemba haina miti ya kimo hicho, lakini swali la kuuliza ni lile lile: je, bundi wetu anahitaji kivuli, au anahitaji ile miti michache mikongwe iliyomo kivulini? Jibu likiwa ni la pili, basi kuhesabu ekari za kijani hakutoshi, na itabidi tuihesabu mivule.

Swali: Ninatembeza wageni Makangale. Wengine hulipa vizuri ili waonyeshwe bundi. Ramani ikitoka, itaonyesha viota? Na mimi niruhusiwe kuitumia? (Kijana mtembeza wageni)

Jibu: Ramani ya makaazi itolewe kwa kila mtu, na wewe uitumie. Viota visiwemo ndani yake kabisa. Pahala pa kiota hubaki kwa walinzi wa msitu na watafiti wanaohusika, na katika ramani ya hadhara kumbukumbu za ndege huonyeshwa kwa mraba mpana, tuseme wa kilomita moja, unaotosha kwa mipango na usiotosha kumfikisha mtu mtini. Wageni waonyeshe bundi katika njia zile zile zinazojulikana ndani ya Ngezi, pamoja na mlinzi, na usimwite kwa kumchezea sauti yake kwenye simu usiku baada ya usiku. Ndege anayejibu mwito wa uongo huacha kuwinda na huacha mayai yake. Mgeni akisikia bundi aliyelia kwa hiari yake mara mbili tatu, amepata alichokilipia. Nawe ukirudi nyumbani, andika tarehe, saa na pahala, na ule usiku ambao hakulia uandike pia. Peleka daftari hilo katika ofisi ya misitu kila mwisho wa mwezi, kwa sababu kumbukumbu za mtu anayeingia msituni usiku mara nyingi kama wewe ni nadra kupatikana, na mwanafunzi wetu wa Tunguu atazihitaji.